Winning Lines: Washiriki 49, dakika tatu na safari ya dunia

WINNING LINES ni shindano la maswali lililorushwa na BBC One ya Uingereza kati ya mwaka 1999 na 2004, likiambatana na droo ya Bahati Nasibu ya Taifa. Liliongozwa na Simon Mayo, kisha Phillip Schofield.

Washiriki walikuwa 49, kila mmoja akiwa na namba yake, sawa na idadi ya mipira ya bahati nasibu hiyo wakati huo. Katika raundi ya kwanza majibu yote yalikuwa ya tarakimu. Aliyewahi kupata kila swali alisonga mbele, hadi wakapatikana sita.

Katika raundi ya pili, kila jibu lilikuwa namba ya mmoja wa hao sita. Aliyewahi kuitambua namba yake alinusurika. Aliyewahiwa na mwenzake, au aliyekosea, aliaga mashindano.

Aliyebaki peke yake alikabili ukuta wenye majibu 49, kwa dakika tatu tu. Majibu 20 sahihi yalimpa safari ya kuizunguka dunia. Yakipungua, na safari ilifupika. Tofauti na droo yenyewe, hapa bahati pekee haikutosha.