Klimatizeri ya dirisha: angalia umeme mbele ya bei

Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, na usiku baridi inarudi. Joto letu ni la mchana, chini ya mabati. Kwa chumba cha kulala, vantilateri inatosha. Famasi ndogo ni mambo mengine: kartoni nyingi za dawa zimeandikwa zisipite digri 25 ao 30.

Chumba cha mita 3 kwa 4 kinaomba BTU 5,000 mpaka 7,000. Ukubwa kupita kiasi si faida: mashini inapoza haraka, inazimika, unyevu unabaki kwenye dawa. Kama hakuna plafo, anza na plafo.

Ya BTU 5,000 inakula karibu wati 500, lakini wakati wa kuwaka inavuta mara kadhaa zaidi. Jenereta ndogo inaweza kushindwa. Na jenereta ikae inje, mbali na dirisha: gesi yake inaua bila harufu.

Soma etiketi: volti 220 mpaka 240, herzi 50. Zile za Marekani ni volti 115, ukizichomeka hapa zinaungua. Wakati wa kuifunga, iinamishe kidogo upande wa inje, maji yatoke.

Insulini ambayo haijafunguliwa, hapana: hiyo inataka frigo, digri 2 mpaka 8.