Programu Ikishafungwa, Vilivyobaki ni vya Nani?

Mimi ni fundi wa kompyuta, Kariakoo, na lalamiko ninalolisikia kuliko yote ni hili: "Fundi, nimefunga programu zote, mbona RAM bado imejaa?" Ni swali zuri, na majibu yake yamebadilika sana tangu kompyuta ziingie maofisini.

Zamani aliyelalamika alikuwa na haki kabisa. Kwenye MS-DOS, iliyotoka mwaka 1981 pamoja na kompyuta ya IBM, programu za kawaida zilibanana ndani ya KB 640. Nyingine zilikusudia kubaki humo hata ukishaziacha. SideKick ya Borland, ya mwaka 1984, ilijibanza kwenye kumbukumbu ikisubiri uiite kwa kitufe, kisha ikaibuka na kikokotoo na daftari juu ya kazi uliyokuwa unaifanya. Watu waliipenda, lakini nafasi iliyoikalia hakuna mwingine aliyeipata.

Windows 3.1 ilikuwa na tatizo baya zaidi. Madirisha, vitufe na michoro ya programu zote vilihifadhiwa kwenye maghala madogo ya pamoja, na ghala la michoro lilikuwa na KB 64 tu. Programu iliyoondoka bila kurudisha ilichoazima iliacha mzigo wake humo. Ghala likijaa, mashine ilikataa kufungua dirisha jingine hata kama RAM ilikuwa tele, na dawa pekee ilikuwa kuifunga Windows na kuianzisha upya. Ilipotoka Windows 95, Microsoft walilishughulikia jambo hili kwa tahadhari: masalia ya programu za zamani za biti 16 hayakufagiliwa mpaka ya mwisho kati yazo ifungwe. Sababu ni kwamba baadhi ya programu hizo zilizoea kuachiana vitu, na ukimnyang'anya aliyekufa unaweza kumuua aliye hai. Nauheshimu uamuzi ule, maana waliotunza kazi za watu walikubali kupoteza nafasi kidogo.

Wazo la kwamba masalia yanaweza kuwa na faida, hata hivyo, ni la zamani kuliko hayo yote. Mwaka 1974, huko Bell Labs nchini Marekani, toleo la tano la Unix lilikuja na alama moja ndogo ambayo msimamizi wa mfumo angeweza kuiweka kwenye faili la programu. Programu yenye alama hiyo ikifungwa, maagizo yake hayakutupwa. Yalibaki kwenye eneo la akiba la diski, yamepangwa mfululizo. Mtu wa pili akiifungua, mashine iliyasoma kwa mkupuo mmoja badala ya kuyakusanya vipande vipande kutoka kwenye faili. Eneo lile lilikuwa dogo, ndiyo maana ni msimamizi peke yake aliyeruhusiwa kuweka alama, na aliiweka kwa programu zilizotumiwa na wengi, kama ya kuhariri maandishi.

Alama hiyo bado ipo. Ukiwa na Linux, andika ls -ld /tmp, utaona herufi t mwishoni mwa safu ya ruhusa. Siku hizi kwenye folda ina kazi nyingine, ya kumzuia mtu asifute faili la mwenzake. Ile ya kwanza haihitajiki tena, kwa sababu Linux huitunza kila programu yenyewe bila kuambiwa.

Waliolikomaza wazo hili la kutunza masalia ni wahandisi wa kampuni ya Digital, waliotoa mfumo wa VMS mwaka 1978. Dave Cutler alikuwa miongoni mwao. Ukurasa wa kumbukumbu ulioondolewa kwa programu iliyoumiliki haukufutwa papo hapo; ulipangwa foleni, ukiwa bado na yaliyomo. Mwenyewe akiuhitaji kabla zamu ya kupewa mwingine haijafika, alirudishiwa bila diski kuguswa. Cutler alihamia Microsoft mwaka 1988, na Windows NT ya 1993 ikawa na foleni za aina hiyo hiyo. Ndani yake kuna mfanyakazi mmoja ninayempenda: uzi wenye kipaumbele sifuri, cha chini kuliko vyote, ambao prosesa ikikosa kazi hujaza sifuri kwenye kurasa zilizoachwa. Ukurasa uliobeba nywila yako haupewi programu nyingine ukiwa na maandishi yake.

Hapo ndipo penye jibu kwa wateja wangu. Programu ikifungwa, data zake binafsi huachiliwa mara moja, na husafishwa kabla hazijamfikia mwingine. Kinachobaki ni nakala ya vilivyosomwa kutoka kwenye diski. Asili yake ipo kwenye diski, kwa hiyo nakala hiyo inaweza kutupwa dakika yoyote nafasi ikihitajika, bila hasara.

Mtu asiyeamini namkalisha mbele ya laptop ya zamani yenye Linux na diski ya kuzunguka. Tunaiwasha, tunaandika free -m, kisha tunafungua LibreOffice. Taa ya diski inapepesa, diski inakoroma, tunasubiri. Tunaifunga na kuandika free -m tena: safu ya buff/cache imenenepa na haikurudi ilipokuwa. Tunaifungua mara ya pili, na dirisha linatokea taa ikiwa karibu kimya. Hakuna maelezo yangu yanayoshinda tofauti hiyo.

Windows Vista ilipofika mwaka 2007 ilikwenda mbali zaidi, ikawa inapakia mapema programu ulizozoea kutumia. Watu waliona nafasi tupu imekaribia sifuri, wakaghadhibika, na wauzaji wa programu za "kusafisha RAM" wakapata soko. Linux nayo ililaumiwa hivyo hivyo, hadi mwaka 2014, toleo 3.14, ilipoanza kuonyesha kiasi kinachoweza kupatikana kando na kile kilicho tupu. Simu za Android nazo huziacha programu ulizotoka zikiwa tayari, na nafasi ikibana huanza kuua zile zisizo na umuhimu. Kuzifutafuta kwa kidole kila saa kunailazimisha simu kuzianzisha upya na kula chaji.

Upungufu wa kweli wa RAM upo, na mwanasayansi wa kompyuta Peter Denning aliueleza mwaka 1968: mashine inahamisha kurasa kwenda na kurudi diskini mpaka haifanyi kazi nyingine. Basi mafundi wenzangu, kabla ya kumuuzia mtu RAM, kwenye Linux endesheni vmstat 1 wakati anafanya kazi zake za kila siku, mtazame safu za si na so, zinazoonyesha kinachorudi kutoka diskini na kinachokwenda huko. Zikikaa kwenye sifuri, mwambieni abaki na hela yake.