Ufafanuzi: Bunge la Marekani na karakana nne za jeshi la majini

Katika taarifa zetu za habari huwa tunazitaja karakana za umma za Jeshi la Majini la Marekani. Ni zipi, na sheria inazilindaje?

Ziko nne: Norfolk (jimbo la Virginia), Portsmouth (Maine), Puget Sound (Washington) na Pearl Harbor (Hawaii). Ni mali ya serikali na mafundi wake ni watumishi wa serikali. Meli mpya za kivita huundwa na kampuni binafsi. Karakana hizi hukarabati nyambizi na manowari za kubeba ndege zinazoendeshwa kwa nguvu za nyuklia.

Zamani zilikuwa nane. Miaka ya 1990, baada ya Vita Baridi, karakana za Philadelphia, Charleston, Mare Island na Long Beach zilifungwa. Mwaka 2005 ilipendekezwa Portsmouth nayo ifungwe, lakini tume huru ikaamua ibaki. Kwa maelfu ya familia zinazotegemea ajira hizo, kinga ya sheria ni jambo kubwa.

Kinga hizo ni mbili kuu. Kwanza, jeshi haliruhusiwi kuwapa wakandarasi binafsi zaidi ya nusu ya fedha za matengenezo makubwa. Pili, sheria ya 2006 ililitaka liwekeze kwenye karakana zake angalau asilimia 6 ya thamani ya kazi zinazofanyika humo.

Hata hivyo, idhini si fedha. Kila mwaka Bunge hupitisha sheria ya kuidhinisha mipango ya ulinzi, kisha nyingine ya kutoa fedha. Hii ya pili ikichelewa, serikali huendeshwa kwa bajeti ya muda, na kwa kawaida miradi mipya husubiri.

Kusubiri kuna gharama. Chelezo kimoja cha Norfolk, yaani bwawa linalokaushwa maji ili meli itengenezwe, kilianza kazi mwaka 1833 na bado kinatumika. Mwaka 2018 jeshi lilitangaza mpango wa miaka 20 wa kuzifufua karakana hizo kwa dola bilioni 21. Mwaka 2023, mkataba wa chelezo kipya cha Pearl Harbor peke yake ulifikia dola bilioni 2.8.

Nyambizi USS Boise ilirudi kutoka safari yake ya mwisho mwaka 2015. Karakana za umma zilikuwa zimeelemewa, ikasubiri hadi mwaka 2017 ikapoteza kibali cha kuzama. Mkataba wa kuikarabati ulitolewa 2024, kwa karakana binafsi.

Kwa hiyo ukitusikia tukisema Bunge limeunga mkono karakana hizi, sikiliza vizuri: limeidhinisha, au limetoa fedha?