Mikono Ambayo Baa za Toronto Hazikuiona

Jimbo la Ontario, Kanada, lilipiga marufuku pombe mwaka 1916. Mwaka 1927 likalegeza kamba, lakini kwa chupa tu, mtu akanunue dukani na kunywea kwake. Bia ya glasi ilirudi hotelini mwaka 1934, na ilirudi kwa masharti. Vyumba vya kunywea havikuwa na raha yoyote: wateja walikaa mezani kwa utulivu, bila kunywa wima wala kutumbuizwa. Kwenye hoteli nyingi milango ilikuwa miwili. Mmoja ulikuwa wa wanaume. Mwingine ulibandikwa kibao kwamba ni wa wanawake na wasindikizaji wao, na mwanamume asiyekuja na mwanamke hakuruhusiwa kuupita.

Ilisemekana kwamba mlango ule uliwalinda wanawake. Kwa kiasi fulani, labda. Lakini uliwachunga pia, kwa sababu mwanamke aliyekaa baa peke yake alishukiwa mara moja kuwa anajiuza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vibao hivyo vilianza kung'olewa. Ng'ambo ya mpaka, jijini New York, baa kongwe ya McSorley's ilikataa kuwahudumia wanawake hadi sheria ilipoilazimisha mwaka 1970. Hakuna wa kuililia milango ile. Tatizo ni kwamba ilipoondoka, hakuna aliyekabidhiwa kazi ambayo ilidaiwa kuifanya.

Wajibu wa mwenye baa kwa mteja wake uliingia kwa njia nyingine kabisa. Usiku mmoja wa Januari 1968, hoteli ya Jordan House, Ontario, ilimtoa nje mteja wake wa siku nyingi aliyekuwa amelewa chakari. Akatembea kando ya barabara kuu gizani, gari likamgonga. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Kanada, nayo mwaka 1973 ikaamua kwamba hoteli ilijua fika hali ya mteja wake na haikupaswa kumtupa barabarani. Lawama iligawanywa mafungu matatu sawa: hoteli, dereva na mlevi mwenyewe. Tangu hapo wenye baa wa Kanada walijua kwamba glasi ya mwisho inaweza kuwafikisha kizimbani. Mafunzo ya wahudumu yakashika kasi, na mwaka 1995 ikaundwa Smart Serve, asasi ya kuwafundisha wauza vileo wa Ontario kukagua vitambulisho, kutambua aliyezidiwa na kumwitia teksi. Woga wa kushtakiwa ulikuwa mwalimu mzuri, ila ulifundisha somo moja tu: pombe.

Somo lililofuata lilikuwa la ngumi. Mtafiti Kathryn Graham na wenzake walitunga mafunzo ya saa tatu yaliyoitwa Safer Bars, kwa ajili ya mabaunsa, mameneja na wahudumu: namna ya kuona ugomvi ukianza kuchemka, kusimama bila kutisha, kusaidiana na kutopandwa na hasira. Ili kujua kama yanafaa, kati ya mwaka 2000 na 2002 walituma watazamaji katika baa na kumbi kubwa za Toronto. Walikwenda wawili wawili, mwanamume na mwanamke, wakajifanya wateja kati ya saa sita na saa nane usiku, kisha wakaandika kila walichokiona. Kwa jumla walizuru mara 1,334 katika kumbi 118. Baadhi ya kumbi zilipewa mafunzo na nyingine zikaachwa kwa ulinganisho, na katika zilizofunzwa vurugu za kati na zile kali zilipungua. Palipobadilishwa mameneja na mabaunsa kila mara, faida ilififia. Yeyote anayeijua kazi ya baa hatashangaa: anayefundishwa mwezi huu, mwezi ujao yuko kaunta nyingine.

Taarifa za watazamaji hao zilikuwa na mengi kuliko ngumi. Mwaka 2014 Graham na wenzake walichapisha uchambuzi wa visa 258 vya uchokozi wa kingono vilivyokuwa ndani ya rekodi zile zile: kushikwa makalio, kuvutwa kiuno, kusuguliwa kwenye msongamano wa wachezaji, kung'ang'aniwa baada ya kusema hapana. Katika visa tisa kati ya kumi, aliyeanza alikuwa mwanamume na aliyefanyiwa alikuwa mwanamke. Wengi wa waliofanyiwa hawakupiga kelele. Walikwepa, wakageuka, wakahamia upande mwingine wa ukumbi. Wateja wengine waliingilia kati katika asilimia 21 ya visa. Wahudumu, ambao ndio wenye nyumba, waliingilia kwa nadra.

Jambo moja humo linauma. Ukali wa kitendo haukufuata ulevi wa mfanyaji. Ulifuata ulevi wa aliyefanyiwa. Kadiri mwanamke alivyolewa zaidi, ndivyo alivyovamiwa vibaya zaidi. Kisingizio cha "pombe ndiyo iliyomtuma" kinapwaya mbele ya takwimu hiyo, kwa maana mikono inayochagua mtu wa kumshika inajua inachofanya.

Kwa hiyo mafunzo yaliyokuja baadaye, katika Chuo Kikuu cha Arizona na katika mpango wa Safe Bars wa Washington, D.C., yalilazimika kugeuza macho ya mhudumu. Haitoshi tena kumwangalia aliyelewa. Amwangalie pia anayemvizia aliyelewa. Mbinu zenyewe hazihitaji misuli. Mhudumu anapeleka maji yasiyoagizwa na kusimama katikati ya wawili. Anamwuliza dada kando, "Huyu mnafahamiana?" Anawaomba rafiki za yule bwana wamchukue, au meneja anamwita kuhusu bili.

Msingi wa mbinu hizi ni utafiti wa Bibb Latané na John Darley, waliochapisha mwaka 1968 majaribio kuhusu sababu za watu kutosaidia wanapokuwa wengi. Kilichowasukuma ni mauaji ya Kitty Genovese huko Queens, New York, Machi 1964. Gazeti la New York Times lilidai kuwa watu 38 walishuhudia wakanyamaza, habari ambayo baadaye lenyewe lilikiri ilitiwa chumvi. Wasichokikumbuka wengi ni kwamba Genovese alikuwa meneja wa baa, na usiku ule alikuwa anatoka kazini.

Kumwambia mhudumu amkabili mteja ni rahisi kwa asiyeishi kwa bahashishi. Ontario ilikuwa na kima cha chini cha mshahara kilicho pungufu kwa wauza vileo, na kilifutwa Januari 2022 tu. Mtu ambaye kodi yake ya nyumba inatoka mfukoni mwa mteja hujifunza mapema kucheka na asiyechekesha, hata mkono unapomshika yeye mwenyewe.

Barcelona ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2018 halmashauri ya jiji ilizindua utaratibu kwa kumbi za usiku uitwao No Callem: aliyeshambuliwa atangulizwe, maamuzi yake yaheshimiwe, na mtuhumiwa asihukumiwe ukumbini. Mwisho wa Desemba 2022, mwanamke alipomtuhumu mwanasoka Dani Alves kumbaka katika msala wa ukumbi wa Sutton, wafanyakazi walimtenga na kelele, wakamsikiliza na kuita polisi. Alves alihukumiwa kifungo Februari 2024, na Machi 2025 mahakama ya juu ya Catalonia ikaitengua hukumu hiyo kwa kuona ushahidi haukutosha. Majaji walibishana kuhusu kilichotokea msalani. Wafanyakazi wa Sutton hawakutakiwa kulijibu swali hilo. Walitakiwa kumpa mteja chumba tulivu, mtu wa kukaa naye, na nafasi ya kuamua mwenyewe kama polisi waitwe.