Kocha wa nafsi

Ukitaja kocha pale Maposeni, Songea, wengi watafikiria uwanja wa mpira: filimbi, jezi, na mtu anayefoka nje ya mstari. Neno lenyewe limetoka mbali, kijiji cha Kocs nchini Hungaria, kilichosifika kwa magari ya kukokotwa na farasi yaliyopewa jina lake. Katika karne ya 19 wanafunzi wa Uingereza wakamwita hivyo mwalimu wa kuwavusha mtihani. Baadaye likaingia michezoni, kisha maofisini, na leo tunahimizwa “kujikochi”. Neno hili linakwaruza masikio!

Badala yake, mimi napendekeza kujisaili. Usaili tumeuzoea kwenye ajira. Hapa msaili na msailiwa ni mtu yuleyule. Mkulima wa mahindi akijiuliza kabla ya msimu anataka magunia mangapi, ana nini mkononi, njia zipi zipo na ataanza lini, amepita hatua nne za ukocha alizozieneza mwandishi John Whitmore katika kitabu chake cha mwaka 1992. Hakulipia semina. Swali la “lini” ndilo gumu, na wengi tunaliruka.