Sataranji, Mashine na Lugha Zake

Msafiri atokaye mjini Beni, nchini Kongo, kuelekea Oicha hupita Mavivi, penye uwanja wa ndege wa eneo lile, mahali ambapo Kinande ndiyo lugha ya nyumbani, Kiswahili ya sokoni na Kifaransa ya shuleni. Lugha hizo mbili za mwisho zina kila moja jina lake kwa mchezo mmoja: Kiswahili chasema sataranji, na Kifaransa chasema échecs. Mtu angedhani majina hayo hayana udugu wowote, kumbe yote mawili yalipita Uajemi: la kwanza ni chaturanga ya Bara Hindi, maana yake vikosi vinne vya jeshi, iliyochukuliwa na Waajemi, kisha na Waarabu, ambao mabingwa wao al-Adli na as-Suli waliutukuza mchezo huo Baghdad, hata neno likafika pwani yetu, na la pili latokana na shah, yaani mfalme.

Hivyo mchezo ulihama huru kutoka taifa hadi taifa, ukibadili lugha tu; lakini programu za kuucheza kwa mashine zilichelewa sana kupata uhuru wa namna hiyo. Mwaka 1952 Alan Turing wa Uingereza, kwa kukosa mashine iwezayo kutii kanuni alizoziandika, alizifuata yeye mwenyewe kwa karatasi na kalamu, akitumia kadiri ya nusu saa kwa kila hatua, naye akashindwa na Alick Glennie. Programu iliyoandikwa na Alex Bernstein na wenzake miaka michache baadaye ilicheza mchezo mzima juu ya mashine ya IBM 704, lakini nje ya mashine ile haikuwa na faida yoyote.

Dawa ya kufungwa huko kwa mashine moja, nami naihesabu kuwa hekima kubwa kuliko hata ushindi wa kompyuta Deep Blue juu ya bingwa Kasparov mwaka 1997, ilikuwa kuitenga akili ya mchezo na ubao uonekanao. Programu ya GNU Chess, iliyoanzishwa na Stuart Cracraft mwaka 1984 kwa mfumo wa Unix, ilipata baadaye ubao wake uitwao XBoard, na watumiaji wa Windows wakapata WinBoard. Mwaka 2000 Stefan Meyer-Kahlen na Rudolf Huber walitoa itifaki ya UCI, ambayo kwayo ubao na injini, yaani ile akili ya mchezo, huzungumza kwa mistari ya maandishi matupu: ubao hueleza kete zilipo na kuamuru hesabu ianze, injini hujibu kwa hatua iliyo bora. Injini haina haja ya kujua kioo wala kipanya. Ndiyo sababu injini ya Stockfish, iliyotoka mwaka 2008 na ambayo msimbo wake ni halali kwa yeyote kuusoma na kuubadili, yatumika katika Windows, Linux na macOS, na kwa ubao uitwao DroidFish hata katika simu ya Android, pasipo intaneti.

Basi enyi walimu wa Beni na Butembo, mwenye kutaka ubao unaosema mfalme, farasi na askari hahitaji kuigusa injini hata kwa herufi moja: uandikeni ubao huo kwa Kiswahili.