Ngitili za Shinyanga: Msitu Uliorudi kwa Njia ya Malisho

Maandiko mengi kuhusu uhifadhi wa misitu mkoani Shinyanga huanzia mwaka 1986, Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI). Mwanzo huo una upungufu. Unaifanya nchi ya Wasukuma ionekane kama jangwa lililokuwa likisubiri miche, ilhali sehemu kubwa ya miti yake ilitoweka kutokana na maamuzi ya watawala.

Kuanzia miaka ya 1920 utawala wa Waingereza ulihimiza kufyekwa kwa vichaka na mapori ili kuangamiza mbung'o, walioeneza nagana kwa mifugo na malale kwa watu. Shinyanga yenyewe ilikuwa kituo cha utafiti wa mbung'o chini ya C. F. M. Swynnerton. Baadaye kilimo cha pamba kilipanua mashamba, na kuni zikaendelea kukatwa. Pigo kubwa zaidi, kwa maoni yetu, lilikuwa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970: kaya zilizohamishwa ziliacha nyuma nyumba pamoja na ngitili zao.

Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kinapokolea, takriban Julai au Agosti, mabua ya mashambani yanapokuwa yamekwisha. Humo hulishwa kwanza ndama, ng'ombe wanaonyonyesha, maksai wa kulimia na wanyama dhaifu. Mfugaji hakukusudia kuotesha msitu. Aliweka akiba ya nyasi. Miti ilirudi kwa kuwa visiki na mizizi iliyobaki ardhini ilipata nafasi ya kuchipua bila kuliwa. HASHI haikuliona jambo hili mapema. Katika miaka yake ya mwanzo iliegemea vitalu na ugawaji wa miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni, kabla ya kugeukia maarifa ya wenyeji. Ulinzi nao ulitegemea taasisi zao: mkutano wa dagashida ulipitisha kanuni, na sungusungu wakawakamata waliozivunja.

Inaelezwa kwamba hekta zipatazo 600 za mwaka 1986 zilizidi 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Takwimu ya kwanza isomwe kwa hadhari. Inahesabu ngitili zilizojulikana kwa maofisa, na mfugaji aliyekwisha kuhamishwa na Serikali hakuwa na sababu ya kuwaonyesha mipaka ya malisho yake. Huenda, basi, sehemu ya ongezeko hilo ni ya imani iliyorejea, wala si ya miti pekee.

Suala la umiliki ndilo gumu zaidi. Zipo ngitili za kaya na za jumuiya. Aliyeweza kufunga eneo lake ni mwenye ardhi ya kutosha. Asiye nayo alitegemea ngitili ya kijiji. Wanawake walipunguziwa mwendo wa kutafuta kuni, lakini aghalabu hawakuwa wamiliki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 ziliruhusu vijiji kutenga misitu yao ya hifadhi. Hata hivyo, ngitili ikiandikwa kuwa msitu hubanwa na masharti ya misitu, nayo kwa mwenyewe ni malisho. HASHI ilipofikia ukomo mwaka 2004, mvutano huo ulibaki mikononi mwa halmashauri za vijiji, na kila msimu wa kiangazi zilipaswa kuamua nani aingize ng'ombe wake kwanza.